Herufi, Neno na Mstari: Historia Fupi ya Mazoezi ya Mwanzo ya Lugha ya C

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya C hupewa, tangu wiki ya kwanza, mazoezi ambayo kwa mtu mzima huonekana ya kitoto. Huagizwa kuiamuru kompyuta itoe salamu. Kisha achapishe jedwali la joto. Kisha ahesabu herufi, maneno na mistari ya maandishi fulani. Hatimaye autafute mstari ulio mrefu kuliko yote. Wengi huyapita haraka haraka, kama mtoto anayekariri a, e, i, o, u bila kuuliza ni nani aliyezipanga hivyo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mazoezi hayo yana historia, na kwamba historia hiyo inawahusu watu wa taaluma ya Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Hoja yetu ni moja. Mazoezi ya mwanzo ya C kwa sehemu kubwa ni mazoezi ya maandishi, na yako hivyo kwa sababu lugha yenyewe ilizaliwa mahali ambapo kazi iliyogharamia mashine ilikuwa kupanga maandishi. Kwa hiyo ndani ya kila zoezi mna uamuzi uliokwisha kufanywa: herufi ni nini, neno ni nini, mstari ni nini. Waliofanya uamuzi huo walikuwa watu wa mahali fulani, wenye mahitaji yao na lugha yao. Mwanafunzi asiyeutambua ataupokea kana kwamba ni sheria ya maumbile. Na siku atakapoitwa kuhesabu maneno ya Kiswahili atatoa jumla isiyo na kosa la hesabu, lakini asijue alichokihesabu.

2. Mahali ilipozaliwa C

Mwaka 1969 maabara ya kampuni ya simu ya Bell, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, Marekani, ilijitoa katika mradi mkubwa wa mfumo ulioitwa Multics. Ken Thompson, mmoja wa watafiti walioachwa bila mfumo wa kufanyia kazi, alianza mwaka huohuo kuandika mfumo mdogo juu ya mashine ya PDP-7 ambayo haikuwa na watumiaji wengi. Huo ndio uliokuja kuitwa Unix. Ili kuandikia programu zake, Thompson alitunga lugha aliyoiita B, akiipunguza kutoka katika lugha ya BCPL iliyobuniwa na Martin Richards wa Cambridge, Uingereza. Lugha ya B ilikuwa na aina moja tu ya kitu, yaani kisanduku kimoja cha ukubwa ule ambao mashine huushika kwa mara moja. Ndani ya kisanduku hicho kila kitu kilikaa: namba, anwani, hata herufi.

Watafiti walitamani mashine bora, lakini wakuu wao hawakuwa tayari tena kutoa fedha kwa ajili ya mifumo ya uendeshaji. Ombi lililokubaliwa ni lile lililoahidi chombo cha kuhariri na kupanga maandishi. Mashine ya PDP-11 ilifika mwaka 1970, na mwaka 1971 wapiga chapa wa idara iliyoshughulikia hati za uvumbuzi wakaanza kuitumia katika kazi zao za kila siku. Kumbukumbu yake yote ilikuwa baiti elfu 24 tu: elfu 16 kwa mfumo na elfu 8 kwa programu za watumiaji. Makala hii uliyo nayo mkononi, ikihesabiwa herufi kwa herufi, isingeenea katika hizo elfu 8.

PDP-11 iliipa kila herufi anwani yake, ilhali B ilizipakia herufi kadhaa ndani ya kisanduku kimoja, na kuzichomoa ilikuwa taabu. Dennis Ritchie, mtunzi wa C, alipoisimulia historia ya lugha yake mwaka 1993, aliutaja usumbufu huo wa kushughulikia herufi miongoni mwa sababu zilizomfanya aigeuze B. Mwaka 1971 alianza kuongeza aina mbalimbali za vitu, moja ya namba kamili na moja ya herufi. Kufikia mwanzoni mwa 1973 misingi ya C ilikuwa imekamilika, na katikati ya mwaka huo kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa lugha hiyo. Hivyo, tangu chimbuko lake, C ilikuwa na deni kwa herufi.

3. Salamu ya kwanza

Mwalimu wa kwanza wa lugha hizi alikuwa Brian Kernighan, mwenzao Thompson na Ritchie katika maabara ileile. Aliandika kwanza mwongozo wa B, na humo programu mojawapo ilichapisha salamu ya maneno mawili ya kuuamkia ulimwengu, ambayo leo inajulikana popote panapofundishwa kompyuta. Lakini katika B salamu hiyo ilibidi ikatwe vipande vitatu, kwa kuwa kipande kimoja cha herufi hakikuruhusiwa kuzidi herufi nne. Mwaka 1974 Kernighan aliandika mwongozo wa C, na humo salamu ikatoka nzima kwa amri moja. Mwanafunzi anayeiandika leo kwa dakika mbili hajui kwamba anatumia uhuru ambao miaka michache kabla haukuwapo.

Mwaka 1978 Kernighan na Ritchie walitoa kitabu chao, The C Programming Language. Zoezi lake la kwanza lina sehemu mbili. Mwanafunzi aiendeshe programu ya salamu kwenye mashine yake. Kisha aondoe sehemu mojamoja ya programu hiyo ili aone mashine italalamika vipi. Jambo hili ni la kutafakari. Katika madarasa mengi tuliyoyapitia, kosa lilikuwa aibu ya kufutwa upesi kabla mwalimu hajaliona. Hapa mwanafunzi anaagizwa akosee kwa makusudi, tena siku ya kwanza, ili siku atakapokosea bila kukusudia awe ameshaizoea sauti ya lawama.

Hata hivyo salamu yenyewe haikubaki ilivyo. Ile ya 1978 ilianza moja kwa moja na jina la programu. Chapa ya pili ya kitabu, iliyotoka mwaka 1988 wakati kamati ya viwango ya Marekani ikikaribia kumaliza kazi yake, iliongeza mstari wa juu unaoita maktaba ya kupokea na kutoa maandishi. Kiwango cha Marekani kiliidhinishwa mwaka 1989, kile cha kimataifa mwaka 1990, na kiwango cha 1999 kikaiharamisha namna ya uandishi wa 1978. Mwanafunzi anayekinakili kitabu cha zamani neno kwa neno, kisha mashine ikamkatalia, asijione mjinga. Ameandika sarufi ya kizazi kingine.

4. Jedwali la joto

Baada ya salamu huja jedwali linalogeuza vipimo vya joto vya Fahrenheit kuwa vya Celsius, kuanzia 0 hadi 300 kwa hatua za 20. Kwa Mmarekani zoezi hili lilikuwa la kawaida, kwani Fahrenheit ndicho kipimo cha redio yake na cha jiko lake. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Bukavu, aliyezoea Celsius tangu shule ya msingi, anaanza safari yake kwa kugeuza kipimo ambacho hajawahi kukitumia. Hilo si dhambi ya kitabu. Ni alama tu kwamba kila zoezi lina kijiji chake.

Ndani ya jedwali hilo mna fundisho zito zaidi. Kanuni inasema: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Lakini C inapogawanya namba kamili kwa namba kamili, hutupa sehemu inayobaki. Mwenye kuandika kwanza 5 kugawanya kwa 9 atapata sifuri, na jedwali lake lote litakuwa sifuri kuanzia juu hadi chini. Mwenye kuzidisha kwanza ataokoka, lakini si kabisa. Tuchukue Fahrenheit 100. Ukitoa 32 unabaki na 68. Mara 5 ni 340. Gawanya kwa 9 unapata 37 na desimali 8 hivi. Jedwali la namba kamili litaandika 37 tu. Kwa hesabu sahihi mtu huyo ana homa. Kwa hesabu ya jedwali ni mzima. Mashine haikukosea popote. Ilitii aina ya namba iliyopewa, na aliyechagua aina hiyo ni mwandishi wa programu.

5. Herufi

Mazoezi yanayofuata yanaacha joto na kurudi nyumbani, kwenye maandishi. Mwanafunzi huandika programu inayosoma herufi mojamoja na kuitoa kama ilivyo. Kisha inayohesabu herufi zote. Hapo hukutana na fumbo la kwanza la kweli: kwa nini herufi iliyosomwa itunzwe katika kisanduku cha namba kamili wakati C ina kisanduku cha herufi? Jibu ni kwamba maandishi yanapokwisha mashine hutoa ishara ya mwisho, na ishara hiyo haina budi kutofautiana na herufi yoyote iwezayo kusomwa. Kisanduku cha herufi kimejaa herufi zenyewe. Hakina nafasi salama ya ishara isiyo herufi.

Lakini "herufi" hiyo ni nini? Marekani ilikuwa na orodha yake iitwayo ASCII, iliyotolewa mwaka 1963, yenye nafasi 128. Ilitosha kwa Kiingereza. Kwa lugha zetu za Kongo jambo ni tofauti kati ya lugha na lugha. Kiswahili cha herufi za Kilatini kinaingia chote ndani ya nafasi hizo, pamoja na king'ong'o chake ambacho hutumia alama ya ritifaa. Mashine haikukijali Kiswahili. Imetokea tu kwamba tahajia iliyosanifishwa kuanzia mwaka 1930 haikuhitaji alama juu ya irabu. Kifaransa tunachofundishia kinahitaji alama hizo, na Lingala, inapoandikwa kwa uangalifu wa kitaalamu, inahitaji pia irabu ɛ na ɔ. Na Kiswahili chenyewe kilipokuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, miaka mingi kabla ya tahajia hiyo, hakina hata herufi moja ndani ya zile 128.

Dawa iliyoenea ilitoka kwa mtu yuleyule aliyeanza na B. Septemba 1992 Ken Thompson, pamoja na Rob Pike, alibuni namna ya kuandika herufi za lugha zote iitwayo UTF-8. Katika mpango huo herufi za ASCII hubaki baiti mojamoja, na nyingine huchukua mbili au zaidi. Matokeo yake yanaonekana katika zoezi letu dogo. Programu ya kuhesabu herufi, ikipewa neno "mwalimu", itasema 7, nayo ni kweli. Ikipewa neno la Kifaransa "élève", lenye herufi 5, itasema 7, kwa kuwa irabu mbili zenye alama huchukua baiti mbili kila moja. Programu haihesabu herufi, inahesabu baiti. Mwanafunzi wa Kiswahili peke yake angeweza kumaliza mazoezi yote bila kuigundua tofauti hiyo. Mwenzake anayejaribu kwa Lingala ataigundua jioni ya kwanza, na kwa hilo ana bahati kuliko sisi.

6. Neno

Zoezi lenye uzito mkubwa kwetu ni la kuhesabu maneno. Asili yake ni programu iitwayo wc, iliyokuwamo tayari katika kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix cha Novemba 1971. Maelekezo hayo yaliitambulisha, kwa uaminifu wa kusifiwa, kuwa ni chombo cha kuhesabu maneno ya Kiingereza. Kitabu cha C kilipoigeuza kuwa zoezi la wanaoanza, neno lilielezwa kuwa mfuatano wowote wa herufi usio na nafasi, wala kichupo, wala mwisho wa mstari ndani yake. Programu hukumbuka jambo moja tu: je, sasa tuko ndani ya neno au nje? Kila inapotoka nje na kuingia ndani, huongeza moja.

Ni ufundi mzuri, na mwanafunzi hana budi kuujua. Lakini tuupeleke kwenye Kiswahili. Neno "hatukuwaambia" litahesabiwa kuwa moja. Mfaransa akisema jambo hilohilo, "nous ne leur avons pas dit", programu itahesabu maneno sita. Je, Mswahili amesema kidogo? Ndani ya neno lake mna kikanushi, mtendaji, wakati, watendewa na mzizi wa kitenzi, vyote vikiwa vimeshikana bila nafasi kati yao. Mtafiti anayelinganisha gazeti la Kiswahili na la Kifaransa kwa hesabu hiyo, kisha akatangaza kwamba moja lina maneno machache, amepima nafasi zilizo kati ya maneno, wala hakupima lugha.

Katika sura ya 6 ya kitabu hichohicho, maana ya neno hubadilika. Huko neno huanza na herufi ya alfabeti na kuendelea kwa herufi au tarakimu. Kingine chochote ni alama inayojitegemea. Maana hii iliwekwa kwa ajili ya kusoma programu za C zenyewe, nayo inafaa kwa kazi hiyo. Ukiipa "ng'ombe", hata hivyo, itakurudishia vipande vitatu: "ng", ritifaa, na "ombe". Programu ya sura ya kwanza ilimwacha ng'ombe mzima. Ya sura ya 6 imemchinja. Hakuna hata moja iliyokosea kwa kipimo chake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kuanza kuhesabu, neno ni nini kwetu.

Swali hilo limewahi kujibiwa kwa kazi kubwa. Kuanzia mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alijenga programu za kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, kwa sababu bila kuzivua viambishi hakuna kompyuta iwezayo kuvikutanisha "aliandika", "waliandikiwa" na "hawajaandikiana" chini ya mzizi mmoja. Tunaitaja kazi hiyo kwa heshima. Tunaitaja pia kwa kujiuliza. Wasemaji wa Kiswahili wako huku, na mazoezi ya kuanzia ni yaleyale yanayopatikana kwa kila mwanafunzi. Umbali uliopo kati ya zoezi la kuhesabu maneno na uchambuzi wa viambishi ni mrefu, lakini njia ni moja.

7. Mstari

Sehemu ya mwisho ya mazoezi ya mwanzo hushughulika na mstari. Zoezi moja huagiza kuchapisha kila mstari unaozidi herufi 80. Kwa nini 80? Kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, na upana huo ukarithiwa na vioo vya kompyuta vilivyokuja baadaye. Kadi zimekwisha kutoweka. Kivuli chake kingali ndani ya zoezi.

Kuutafuta mstari mrefu kuliko yote kunahitaji kwanza kuutunza mahali fulani, na C haimpi mwandishi mahali pasipo mpaka. Ni lazima atenge nafasi, tuseme ya herufi 1000, na kila anaposoma aangalie asipite. Programu ya kitabu hupewa mpaka huo waziwazi. Mwanafunzi huona ni uangalifu wa kuchosha: ni nani atakayeandika mstari wa herufi 1000? Jibu lilikuja mwaka uleule wa chapa ya pili. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Morris ilienea katika maelfu ya kompyuta za mtandao wa Marekani. Mlango mmojawapo iliopitia ulikuwa programu iliyosoma mstari kwa amri ya gets, ambayo haikuwa na mpaka wowote: nafasi iliyotengwa ilikuwa ya baiti 512, na mvamizi alipeleka zaidi ya hapo. Amri hiyo iliondolewa katika kiwango cha C cha mwaka 2011, miaka 23 baadaye. Waliouacha mlango ule wazi hawakuwa wanagenzi. Walikuwa mafundi waliolisahau fundisho la sura ya kwanza.

8. Hitimisho

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanafunzi anayelelewa na mazoezi haya bila historia yake hukua akiamini kwamba baiti ni herufi, kwamba nafasi ndiyo inayoumba neno, na kwamba mstari utakuwa mfupi kama alivyotarajia. Anayelelewa nayo pamoja na historia yake hujua kwamba hayo yote ni makubaliano ya watu, na kwamba makubaliano huweza kujadiliwa. Mwaka 1985 Clovis Tondo na Scott Gimpel walitoa kitabu kizima cha majibu ya mazoezi ya Kernighan na Ritchie. Kina faida yake. Lakini maswali tuliyoyataja hapa hayamo katika majibu, kwa kuwa yanaanza pale lugha ya anayehesabu inapokutana na lugha inayohesabiwa.

Kwa walimu wa idara zetu tunapendekeza jambo dogo. Zoezi la joto litolewe kwa namna mbili, ya namba kamili na ya desimali, na wanafunzi waulizwe ni mgonjwa yupi aliyetangazwa kuwa mzima. Zoezi la herufi lijaribiwe kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala kwa pamoja. Zoezi la maneno lipewe aya moja ya Kiswahili, kisha wanafunzi wahesabu aya hiyohiyo kwa vidole, wakikubaliana kwanza neno ni nini. Jumla mbili zitakapotofautiana, somo la sarufi na somo la kompyuta vitakuwa vimeketi dawati moja. Umeme ukikatika, kazi iendelee kwa kalamu: programu ya kuhesabu maneno ni fupi kiasi cha kufuatwa hatua kwa hatua kwenye karatasi, herufi moja baada ya nyingine, mwanafunzi akiandika pembeni "ndani" au "nje". Atakayeifanya kazi hiyo kwa "ng'ombe" na kwa "hatukuwaambia" atakuwa ameanza kuchunguza lugha yake kwa macho mapya, hata kabla mashine haijawashwa.